JOIN ya majedwali kumi, na tawi la Tanga lililoandikwa mwisho

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ripoti yetu ya mauzo inaunganisha majedwali kumi ndani ya PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, yote kwa JOIN (amri ya kuunganisha majedwali), nami nataka tawi la Tanga tu. Nasubiri mpaka nachoka. Mwenzangu kayaandika majedwali yaleyale kwa kutenganisha na koma, masharti yote kayatia kwenye WHERE, sehemu ya kuchuja mistari, ikatoka papo hapo. Mimi nilifundishwa kuwa ni kitu kimoja. Nani kakosea? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyekosea. Majibu ni yaleyale. Kilichotofautiana ni njia ya kuyafikia.

Kwa kawaida kipangaji cha PostgreSQL, sehemu inayochagua njia ya kutekeleza kwiri (ombi lako la data), hakijali umeanza kuandika jedwali gani. Kinapima mipangilio mingi, kinakadiria gharama, kinachukua ulio nafuu. Ila majedwali 8 yakipangwa moja baada ya jingine yana mipangilio 40,320, na 10 yana 3,628,800. Ndiyo maana kimewekewa kikomo, join_collapse_limit, ambacho usipokigusa ni 8. Majedwali yako manane ya kwanza kinayapanga kitakavyo na kuyaunganisha yenyewe kwanza. La tisa na la kumi yanasubiri nje.

Kwenye kwiri uliyonitumia, jedwali la matawi ni la kumi. Basi mauzo ya nchi nzima yanaunganishwa na bidhaa, wateja, risiti na mengineyo, ndipo Tanga inaulizwa! Zamani nilikesha usiku mzima na ripoti ya namna hii, naongeza faharasa (index, za kuharakisha utafutaji) juu ya faharasa, bure kabisa. Bado inaniuma.

Koma za mwenzako ziliyaweka yote kumi kwenye fungu moja, kikomo kile hakikuyagusa. Hata hivyo usimfuate. Ukisahau sharti moja kwenye WHERE, kila mstari unazidishwa na kila mstari wa jedwali jingine, na hakuna atakayekuonya. JOIN ya kawaida ukiinyima ON, yaani sharti la kuunganisha, PostgreSQL inakataa palepale.

Lipandishe jedwali la matawi juu: FROM matawi JOIN mauzo, kisha mengine yafuate. Au andika SET join_collapse_limit = 10 kabla ya ripoti hiyo tu. Zingekuwa LEFT JOIN, zinazobakiza mistari ya jedwali la kushoto hata isiyo na mwenza, ningekwambia uende taratibu, maana kuhamisha jedwali hapo kunaweza kubadili jibu lenyewe.

Endesha EXPLAIN ANALYZE, inayoonyesha njia iliyotumika na idadi ya mistari, kabla na baada, kisha tazama mauzo: mistari inayosomwa itashuka hadi ya Tanga peke yake, mradi safu ya tawi ina faharasa na kipangaji kimeitumia.