Ghorofa 14, shafti moja: kebo zipi zinaruhusiwa kupanda?

Swali: Mhandisi, pole na kazi. Nimetandaza nyaya kwenye nyumba za kawaida kwa miaka tisa, sasa nimepata jengo la makazi la ghorofa 14, la zege, lenye shafti moja ya umeme, njia ya wima ya kupandishia kebo, karibu na lifti. Mwenye jengo anataka tuzike kebo bapa kwenye plasta bila bomba, kama tulivyofanya nyumbani kwake, na kebo kuu zipande kwenye bomba za plastiki ambazo tumeshanunua. Mwenzangu anasema kwenye ghorofa ni bomba la chuma kila mahali. Nani yuko sahihi, na nianzie wapi?

Jibu: Fundi mwenzangu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kupitisha hata kebo moja. Kwenye nyumba ya chini unachagua waya kwa kuuliza kama utabeba mzigo. Kwenye ghorofa 14 swali hilo bado lipo, ila kuna jingine zito zaidi: moto ukiwaka ghorofa ya 3, kebo hii itawafanyia nini watu wa ghorofa ya 12?

Anza na kanuni inayotumika pale unapojenga, maana kanuni hazifanani. NEC ya Marekani, kwa mfano, hadi toleo la 1999 iliwekea kebo ya ganda la plastiki kikomo cha ghorofa 3. Toleo la 2002 liliondoa kikomo hicho kwa makazi, na sasa linaloangaliwa ni aina ya ujenzi. Jengo ambalo sheria inalitaka liwe la nyenzo zisizoungua, yaani aina ya I au II, kebo hiyo haiingii hivi hivi, na maghorofa marefu ya zege kwa kawaida yako humo. BS 7671 ya Uingereza ina mwendo mwingine. Inakubali kebo bapa kuzikwa kwenye plasta kwa kina kisichofika milimita 50, mradi ifuate mistari iliyonyooka kutoka kwenye swichi au soketi, na sakiti ilindwe na kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampia 30. Kwa hiyo alilosema mwenye jengo linaweza kukubalika ndani ya vyumba chini ya kanuni moja na kukataliwa chini ya nyingine. Mimi ningeweka bomba hata pale nisipolazimishwa. Kebo ikiharibika ghorofa ya 9 miaka kumi baadaye, kuivuta ndani ya bomba ni kazi ya saa chache, kubomoa plasta ya familia inayoishi humo ni jambo jingine kabisa.

Sasa tuje kwenye shafti, maana roho ya kazi yako iko pale.

Kwanza, uzito. Waya mmoja wa shaba wa milimita za mraba 240 una shaba ya karibu kilo 2.15 kwa kila mita. Ukipanda mita 45 ni kilo 97, ganda halijahesabiwa, na zipo nne au tano. Ukiuachia uning'inie kwenye kiungio cha juu, utavuta taratibu hadi kiungio kilegee, kianze kupata joto. NEC inataka waya wa shaba wa ukubwa huo ndani ya bomba la wima ushikiliwe kila mita 15 hivi, na saizi ndogo huruhusiwa umbali mrefu zaidi. Bomba lako la plastiki halina pa kushikilia uzito huo. Kwa njia kuu chagua basba (vipande vinene vya metali vinavyobeba umeme) iliyo ndani ya kasha la chuma, yenye sanduku la kuchepushia umeme kila ghorofa, au kebo yenye nyuzi za chuma chini ya ganda, iliyofungwa kwenye ngazi ya kebo kwa vibano vya chuma. Kwa ghorofa 14 zenye mzigo unaofanana mimi huelekea kwenye basba, kwa sababu kila ghorofa inachukua chake bila kebo yake kupanda kutoka chini.

Pili, matundu. Niliwahi kuitwa kukagua jengo lililokuwa limekwisha kukabidhiwa. Kebo zilikuwa safi, zimepangwa vizuri, lakini pale zilipopenya slabu, yaani sakafu ya zege, tundu lilikuwa limejazwa mifuko ya saruji na juu yake plasta nyembamba. Nilichomoa kipande kimoja nikashika karatasi juu ya tundu. Ikapepea kwenda juu, na moto wowote haukuwapo. Siku ya moto, hewa ile ingekuwa moshi. Novemba 1980 moto uliwaka sehemu za chini za hoteli ya MGM Grand, Las Vegas, ukaua watu 85. Wengi wao walikuwa ghorofa za juu, mbali na miali, na walichokivuta ni moshi uliopanda kwa ngazi, shafti na njia za hewa. Kila tundu la slabu lizibwe kwa nyenzo iliyopimwa kustahimili moto kwa muda uleule wa slabu yenyewe. Basba nayo iwe na kizuizi chake cha ndani pale inapopenya, maana kasha lake lenyewe ni bomba la moshi.

Tatu, na hapa mafundi wengi hukosea kwa nia njema, ni maneno yaliyoandikwa kwenye ganda la kebo. Kebo isiyosambaza moto na kebo inayostahimili moto ni vitu viwili. Ya kwanza huzima yenyewe chanzo kikiondolewa, lakini haiahidi kuendelea kupitisha umeme. Tena kebo iliyofaulu jaribio la IEC 60332-1 imejaribiwa ikiwa peke yake. Ukizifunga thelathini pamoja kwenye ngazi ya wima, moto unaweza kupanda nazo, ndiyo maana shafti huhitaji zilizofaulu IEC 60332-3, ambayo huchoma fungu zima. Na PVC ikiungua hutoa haidrojeni kloridi, gesi inayochoma macho na mapafu. Karibu na ngazi za kutokea, tumia ganda la moshi kidogo lisilo na halojeni (kemikali kama klorini).

Kebo inayostahimili moto ni ya pampu ya zimamoto, lifti ya wazimamoto, feni za kuondoa moshi, king'ora na taa za dharura. Kiwango cha Uingereza BS 6387, katika kundi C, huijaribu kwenye nyuzijoto 950 kwa saa 3 ikiwa na umeme. Ipitishe njia yake, mbali na kebo za kawaida, na vishikio vyake viwe vya chuma pia. Mwaka 2010, katika jengo la Shirley Towers, Southampton, wazimamoto wawili walikufa, na kebo zilizoporomoka baada ya vishikio vya plastiki kuyeyuka zilikuwa miongoni mwa vilivyowanasa. Sasa BS 7671 inadai kebo zote zishikiliwe zisianguke mapema katika moto, hata ile ya taa ya ukumbini. Fikiria mtu anatambaa gizani, amebeba mtungi wa hewa mgongoni, kisha waya unamshukia shingoni.

Upotevu wa volti njiani kwenye kebo upige hesabu mapema. BS 7671 inatoa asilimia 3 kwa taa na 5 kwa mengineyo, kuanzia mwanzo wa mfumo. Asilimia 3 ya volti 230 ni volti 6.9, hivyo njia kuu ikila volti 4, taa za ghorofa ya 14 zimebaki na volti 2.9 tu za kupoteza.

Mwenzako basi yuko sahihi kwa shafti, amezidisha kwa vyumba. Bomba za plastiki mlizonunua hazipotei bure: zitumieni ndani ya slabu na kuta za vyumba, kama kanuni yenu inaruhusu. Kama ni zile laini zenye mikunjo na mko chini ya NEC, katika jengo linalozidi ghorofa 3 lazima zifichwe nyuma ya ukuta au dari inayokinga joto kwa dakika 15 au zaidi, isipokuwa jengo lote lina vinyunyizio vya maji. Kabla hujaagiza kebo kuu, mwombe mbunifu wa jengo akuandikie aina ya ujenzi na muda wa kustahimili moto wa kila slabu. Na kabla fundi mwashi hajafunga shafti, piga picha ya kila tundu lililozibwa, ghorofa kwa ghorofa, uziweke pamoja na michoro.