Malindi kwa miguu, ukionja njiani

Dada, umeuliza kama Malindi mtu anaweza kutembea kutwa kwa miguu huku akionja vyakula vya watu mbalimbali. Anaweza sana! Anza asubuhi mji wa kale, karibu na Msikiti wa Jumaa, kwa mahamri na mbaazi za nazi. Kula kidogo tu; wengi hushiba hapo na safari ikaishia hapo hapo. Shika njia ya pwani hadi Nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika Malindi mwaka 1498. Jua likikaza, ingia kwa Waitaliano. Wamekaa mji huu miaka mingi, na aiskrimu yao naipenda kweli. Jioni rudi mjini: viazi karai na ukwaju, mishkaki, muhogo wa kuchoma. Fuata penye wenyeji wengi, si penye kibao kizuri. Ukija Ramadhani, toka baada ya futari.