Ubao wa Kwanza wa Kupandia Mawimbi Uwe wa Lita Ngapi?

*Safu hii ya maswali na majibu inahusu ubao wa kusimama, ule unaosimama juu yake na kusukuma kwa kafi. Mwezi huu barua nne zinagusa jambo moja: kipimo cha ubao wa kwanza kwa mtu anayetaka kutoka kwenye maji tulivu na kuyaendea mawimbi.*

SWALI, kutoka Paje

Assalaam aleikum. Nina kilo 78, urefu wangu sentimita 174. Mwaka mzima nimekuwa nikisimama juu ya mbao za kuazima ndani ya mwamba, kwenye maji tulivu, na siku hizi sianguki. Sasa nataka wangu, wa kupandia mawimbi. Nimeonyeshwa mbao mbili zilizotumika. Mmoja ni wa kujaza upepo, umeandikwa 11'6" × 34" × 6", lita 320. Wa pili ni mgumu, 8'2" × 29" × 4", lita 107. Muuzaji ananambia kwa mawimbi nichukue mfupi. Nichukue upi?

JIBU

Waaleikumu salaam. Usichukue hata mmoja. Tunaeleza sababu kwa urefu, maana hiyo ndiyo itakayokusaidia siku utakapoonyeshwa mbao nyingine.

Namba ya kwanza ni urefu kwa futi na inchi, ya pili upana, ya tatu unene. Wengi husoma urefu wakaishia hapo. Wewe anza na lita. Lita moja ya ubao hubeba kilo moja, na katika maji ya chumvi hubeba kidogo zaidi. Ubao wa lita 107 wenyewe una kilo kama 8. Panda juu yake na kilo zako 78, ongeza kafi na nguo iliyolowa, umekaribia kilo 88. Kilichobaki juu ya maji ni lita 20 tu. Utaelea, lakini ubao karibu wote umezama, na kila kijiwimbi kinapita juu ya nyayo zako. Mzoefu huumudu kwa sababu anakwenda, na ubao ukienda hujinyanyua. Anayejifunza mawimbi, sehemu kubwa ya muda haendi. Amesimama pale nje anangoja, maji yanamtikisa kutoka mbele na ubavuni, na wimbi lililokwisha kupasuka linarudi kutoka mwambani. Ubao wa kwanza unapimwa kwa saa hiyo ya kungoja. Ukishindwa kusimama bila kwenda, utakuwa umechoka kabla wimbi lako halijafika.

Kwa mtu kama wewe, aliyezoea maji tulivu lakini hajazoea mawimbi, zidisha kilo zako kwa 1.7 hadi 1.9. Unapata lita 133 hadi 148. Anayeanza kabisa afike mara 2. Waliokaa miaka kwenye mawimbi hushuka hadi 1.3 na chini yake, na ndio ambao ule mfupi ulitengenezwa kwa ajili yao.

Upana wako ni inchi 31 au 32. Chini ya 30 miguu inatetemeka, na ukitetemeka unatazama miguu badala ya kutazama bahari. Upana nao usizidi, kwani ukivuka 33 mkono unalazimika kwenda mbali, kafi linaingia majini likiwa limelala, na kila pigo linageuza omo, yaani ncha ya mbele ya ubao, badala ya kukupeleka mbele. Juu ya wimbi, ubao mpana mno ni mzito kuulaza ubavu mmoja ili ugeuke.

Urefu ndio wa mwisho kuamua: futi 9 na inchi 2 hadi futi 9 na inchi 8. Ubao mrefu hushika mwendo mapema, ukalipata wimbi likiwa bado halijasimama, na hiyo ni faida kubwa kwa mwanafunzi. Mfupi unakutaka uwe pale hasa wimbi linapotaka kupasuka, na juu ya mwamba si mahali pa kujaribia.

Na ule wa kujaza upepo? Kwa kwenda na kurudi ndani ya mwamba hauna neno. Ubaya wake kwenye wimbi ni unene. Inchi 6 za ubavu wa mviringo hazikati maji: ukiulaza unateleza kando kama chupa. Urefu wake ukijumlishwa na omo iliyo bapa, wimbi likisimama kidogo tu omo inachimba na wewe unaruka mbele. Tena umekaa juu sana, na kusi likivuma mchana linakusukuma kama tanga. Kama ni lazima uwe wa upepo, kwa sababu ya mahali pa kuuweka au ya kusafiri nao, tafuta wa unene wa inchi 4.75 au 5, wenye omo iliyopinda juu, na uujaze hadi presha ya 15 (PSI) kwenye saa ya pampu, ikiwa ndicho kipimo kilichoandikwa kwenye valvu yake. Ukiishia 9 au 10 kwa sababu mikono imechoka, ubao unapinda katikati chini ya miguu yako, na utaulaumu ubao bure.

Sasa tazama bahari uliyonayo. Paje mwamba uko mbali na pwani. Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na hupwa karibu na saa 4. Kwenye kupwa huko, njia yako ni mchanga, mawe, vigingi na kamba za mwani wa watu. Pezi la kati, lililo chini ya ubao, likiwa la inchi 9 litang'oa kamba ya mwani, na hiyo ni riziki ya mtu. Kwa hiyo chagua ubao wenye pezi la kati linalotoka pamoja na mawili madogo ya pembeni. Ukiwa na hayo madogo, la kati linaweza kuwa la inchi 6 au 7 na ubao bado ukashika mstari. Toka maji yakiwa yanajaa, yamefika nusu, na uanze kurudi kabla hayajageuka: yakitoka yanakimbilia kwenye mlango wa mwamba, na mkondo wa mlangoni hushinda kafi.

SWALI, kutoka Konde, Pemba

Nimepata ubao mgumu kwa bei ya kindugu. Maandishi yote yamefutika, na karibu na tezi, yaani ncha ya nyuma, kuna ufa wa urefu wa kidole. Mimi ni mtu mzito, kilo 92, na nakusudia kuutumia kwenye ufukwe wa Vumawimbi. Nitajuaje una lita ngapi? Na ule ufa, fundi wa boti za faiba anasema ataziba kwa siku moja.

JIBU

Chukua tepu ya fundi cherehani. Pima urefu kutoka ncha ya omo hadi tezi kwa kufuata mstari ulionyooka, usifuate mpindo wa ubao. Pima upana pale ulipo mpana zaidi. Kwa unene, weka fito moja juu ya ubao na nyingine chini, katikati, kisha pima nafasi baina ya fito hizo. Andika zote kwa sentimita, zidisha, gawa kwa 1,000, halafu zidisha kwa 0.6, kwa sababu ubao huchongoka pande zote na si sanduku. Kwa ubao wa upepo tumia 0.7, kwani ubavu wake haupungui unene.

Tuseme umepata 305 kwa 81 kwa 11.4. Jawabu ni 281,637, ukigawa ni 281.6, ukizidisha kwa 0.6 ni lita 169. Kwa kilo 92 hiyo ni mara 1.8, na inakufaa hasa. Ukipata chini ya lita 150, mwachie mtu mwepesi zaidi hata kama bei ni ya kindugu.

Kuhusu ufa, tafadhali msimamishe fundi kwanza. Ndani ya ubao mwingi wa aina hii mna sifongo nyeupe ngumu, jamaa ya ile inayofungiwa friji. Juu yake kuna faiba iliyogandishwa kwa epoksi. Mafundi wengi wa boti hutumia poliesta, ile yenye harufu kali inayotiwa matone machache tu ya kugandishia. Poliesta ikigusa sifongo hiyo huiyeyusha. Utaona ufa umezibwa vizuri na unang'aa, kumbe chini pamekuwa pango, na siku ukikanyaga hapo mguu unazama. Mwambie atumie epoksi, ile ya chupa mbili zinazochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa, mara nyingi sehemu mbili kwa moja.

Kabla ya kuziba, toa maji. Ubao wa kipimo hicho ukiwa mkavu huwa kilo 9 hadi 11. Ubebe uupime kwenye mizani ya samaki. Ukikuta 14, ubao umekunywa maji. Usimamishe kivulini, ufa ukiwa chini, uuache siku kadhaa na uupime tena, mpaka uzito uache kushuka. Usiharakishe kwa kuuanika juani: hewa ya ndani inatanuka, faiba inabanduka, na hapo hakuna ufa tena wa kuziba, kuna ubao wa kutupa. Bonyeza uso wake wote kwa kidole gumba, hasa pale miguu inaposimama. Pakibonyea na kurudi kwa mlio mdogo, faiba imeshaachana na sifongo. Punguza bei au acha. Tazama pia kama kuna skrubu ndogo ya hewa juu ya ubao, na raba yake kama ni nzima.

SWALI, kutoka Jambiani

Shikamooni. Mimi ni msichana wa kilo 54, urefu sentimita 160. Naambiwa mwanafunzi achukue ubao mkubwa kabisa, wa 10'6" × 33", akishajua ndipo anunue mdogo. Ni kweli? Na kafi liwe refu kiasi gani?

JIBU

Marahaba, mwanetu. Ushauri huo una nusu ya ukweli. Mwanafunzi anahitaji ubao mkubwa kuliko wa mzoefu *mwenye kilo zake*, si mkubwa kuliko wa kila mtu. Kwako wewe mara 1.9 ni lita 103. Tafuta wa futi 8 na inchi 4 hadi 8 na inchi 10, upana inchi 29 au 30, lita 100 hadi 115. Huo wa 10'6" utakuelea juu mno kama gome, upepo utauchezea, na uzito wako hautatosha kuugeuza. Isitoshe, jaribu kitu kimoja kabla hujalipa: ubebe kwapani, vidole vyako vishike ukingo wa chini au kitundu cha katikati, utembee nao hatua mia mbili mchangani. Kwenu maji yakipwa mwendo ni mrefu kuliko huo, na ubao usiobebeka hubaki nyumbani.

Kafi la mawimbi ni fupi kuliko la matembezi: urefu wako ukiongeza sentimita 15 hadi 20. Lako ni 175 hadi 180. Nunua kwanza la kurefusha na kufupisha, ulitumie mwezi mmoja, kisha ujue kipimo chako. Kafi refu linakuinua bega, na juu ya wimbi unatakiwa uwe umekunja magoti. Angalia pia bapa lake. Kafi la mtumbwi limenyooka, hili limepinda, na mpindo huo uelekee mbele, kwenye omo. Waliokulia kwenye mitumbwi hulishika kinyume kwa sababu mkono unawaambia hivyo, nalo huchota maji na kulizamisha tezi.

SWALI, kutoka Kendwa

Nina ubao wa futi 9 na inchi 6. Kamba ya mguuni niliyopewa ni ya msokoto, kama waya wa simu za zamani. Inafaa kwa mawimbi?

JIBU

Haifai. Ile ni ya maji tulivu, isiburute. Ukianguka kwenye wimbi inavutika mpaka mwisho, halafu inaurudisha ubao kwa kasi kuelekea kichwani kwako. Tumia iliyonyooka, urefu wake uwe sawa na ubao au uzidi kidogo. Kwako ni futi 10, unene milimita 7 au 8. Ivae kifundoni, mguu wa nyuma. Kila ukitoka majini ioshe kwa maji yasiyo na chumvi na uikague pale inapoingia kwenye mkanda, kwani hukatikia hapo. Na ukianguka, jitokeze mkono ukiwa mbele ya uso.

Tena kwa kuwa uko Kendwa: msimu wa kusi upepo kwenu unatoka nchi kavu. Karibu na pwani maji yanaonekana kama kioo, lakini mita 300 nje ubao unaenda wenyewe. Ukihisi hivyo usiendelee kusimama. Piga magoti, au lala kifudifudi na kafi chini ya kifua, urudi kwa mikono, kwa sababu mwili uliosimama ndio tanga. Na usiuache ubao hata kama kamba imekatika na nguo imekuwa nzito. Lita zote zile zitakubeba mpaka boti ifike.