Ndege anatoka na ukungu zumu ikivutwa hadi mwisho

Umeuliza kwa nini kamera yako ndogo yenye zumu ndefu inakupa ndege aliyefifia, na kama inafaa kwa wadudu. Inafaa, tena sana.

Kwanza zima zumu ya kidijitali. Ile haivuti chochote, inakata picha na kuikuza tu. Kisha tazama kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga kuingia: zumu ikiwa kwenye milimita 600, anzia 1/600 ya sekunde, maana mtikisiko wa mkono nao unakuzwa. Kidhibiti mtikisiko kinasaidia mnyama akitulia. Akigeuza kichwa ghafla, hakikuokoi. ISO, yaani kiwango cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, usiipandishe ovyo. Sensa ya kamera hizi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ni ndogo, kwa hiyo ISO ikipanda chembechembe za picha zinakula manyoya mapema; mimi huishia 800, tena kwa shingo upande. Fokasi, yaani mahali kamera inapolenga ili paonekane wazi, iwe ya nukta moja, juu ya jicho. Ukiiachia kamera ichague, itashika kijiti kilicho mbele ya ndege.

Mnyama wa mbali sana kwenye jua la mchana, mwache. Hewa ya joto ikichezacheza, hata kamera ya bei mbaya haifui dafu.

Kwa wadudu, modi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, kwa kawaida hutaka zumu irudishwe kabisa, lenzi ikikaribia kugusa ua. Kipepeo hakusubiri hapo! Rudi nyuma mita moja au mbili, vuta zumu, kisha jisogeze taratibu mbele na nyuma mpaka fokasi ikamate. Umbali mfupi kabisa ambao fokasi ya kamera yako inakamata umeandikwa kwenye kijitabu chake.