Punda Wangu Alijua Mapema Mno Kwamba Amechorwa

Juzi kijana mmoja wa Malindi ameniandikia: "Kaka, nafanyaje mhusika wangu ajue yumo ndani ya katuni?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo lilinila miaka miwili.

Katuni yangu ya kwanza ilimhusu punda wa hapa Lamu, mbeba mawe ya ujenzi. Kisanduku cha kwanza tu, akamgeukia msomaji: "Mimi ni wino mtupu." Cha pili akanisengenya mimi mchoraji. Cha tatu akalalamikia mkia niliompa. Nilijiona bingwa. Mhariri mmoja akanirudishia kurasa zote na mstari mmoja: "Punda wako anaongea sana, lakini habebi kitu." Iliniuma. Nisikufiche, hadi leo inaniuma.

Nikarudi kwa wakongwe. Winsor McCay wa Marekani alianza 1904 kumchora mtoto aitwaye Sammy, ambaye kila akipiga chafya anavuruga kila kitu. Chafya ilikuja kupasua mistari ya kisanduku chenyewe 1905, watu wameshaizoea. She-Hulk, shujaa wa kike wa katuni za Marvel, mikononi mwa mchoraji John Byrne alimtishia msomaji pale juu ya jalada mwaka 1989, lakini alikuwa akichapishwa tangu 1980.

Hata nyanya yangu, tukishaitikia "Pakawa!", hakukatiza hadithi ovyo. Alingoja zimwi lifike mlangoni, ndipo aniulize: "Na wewe, mguu wako mbona unaning'inia nje ya kitanda?"

Mwezi uliopita nilikuwa nachora barazani karibu na uwanja wa Mkunguni. Muuza kahawa akapita, tone likadondokea ukurasa wa saba. Kurasa sita punda alikuwa kabeba mawe, kimya. Sikulifuta. Nikamchora anasimama ukingoni mwa doa, analinusa, halafu anauruka mstari wa kisanduku na kulizunguka kwa nje, kwenye karatasi nyeupe, mzigo mgongoni. Hakusema neno. Mtoto aliyekuwa akinichungulia begani akapiga kelele: "Katoka! Punda katoka!"

Basi ndugu yangu, usiwe na pupa. Jenga ukuta kwanza, ndipo uubomoe. Na jamani, tuache mtindo huu wa kila mhusika kumkonyeza msomaji. Tunajificha kwenye utani kwa sababu hadithi yenyewe hatuna. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Nitumie kurasa zako sita za kwanza. Humo nisimwone mtu ananiangalia.