Sare Dhidi ya Mchezaji Aliyekuzidi

Ukipangiwa mpinzani aliyekuzidi pointi 200 za Elo (kipimo cha nguvu za wachezaji wa chesi), hesabu za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, zinatarajia upate alama 0.24 tu kati ya 1 katika mchezo huo. Sare inakupa 0.5. Kama nyote wawili mko kwenye kigezo cha K cha 20 (kinachoamua pointi zinapanda au kushuka kwa kasi gani), unapanda pointi 5.2 naye anashuka kiasi hicho hicho. Mwenye deni la kushinda ni yeye.

Wengi wakilijua hilo huanza kubadilishana kete tangu mwanzo, wakiamini ubao mtupu hauna hatari. Mimi sikubaliani nao kabisa. Zikibaki ngome (kete za pembeni) na vitunda (kete ndogo za safu ya mbele) ndipo ujuzi wake unapokuumiza, kwa kuwa hali hizo amezisoma na ana subira ya kukukamua hatua 60. Cheza ufunguzi uliouzoea, kete zako zipate kazi, naye aumize kichwa. Sare zangu nyingi dhidi ya wakubwa zimetokana na wao kulazimisha ushindi ambao haukuwepo.

Ila kuna hali moja ya mwisho wa mchezo ya kuijua hata ukiamshwa usingizini: ngome dhidi ya ngome na kitunda, kwa kinga ya Philidor, Mfaransa wa karne ya 18. Mfalme wako akae mbele ya kitunda cha adui, na ngome yako ishike safu ya tatu kutoka upande wako ili mfalme wake asipenye. Akisukuma kitunda hadi safu hiyo, ngome ikimbilie ukingo wa mbali na kumtishia mfalme wake kwa nyuma. Hana tena pa kujificha. Kinga hii imeniokoa mashindanoni nikiwa na dakika chache kwenye saa, mpinzani akisukuma kwa hasira.

Hatua yako ikileta hali ileile ya ubao mara ya tatu, unaweza kudai sare, ila usiicheze. Iandike kwenye karatasi, simamisha saa, mwite mwamuzi. Ukigusa kete kwanza, umepoteza haki ya kudai kwa hatua hiyo.

Kuomba sare kuna utaratibu: cheza, omba, kisha bonyeza saa. Omba mara moja, tena ukiwa na hali nzuri. Kurudiarudia ni usumbufu, na mwamuzi anaweza kukuadhibu. Mkubwa akiomba yeye, usikimbilie kumpa mkono. Tazama kwanza ubao, kisha saa yake. Huenda ameona jambo ambalo wewe bado hujaliona.