Kuhusu roho tatu katika gemu za mtindo wa zamani

Ndugu, umeuliza kwa nini gemu yako mpya, inayoiga mashine za gemu za miaka ya 1980, inakupa roho tatu tu (yaani unaruhusiwa kufa mara tatu) na kukurudisha mwanzo. Mashine zile zilikula sarafu, hivyo gemu ililazimika kuwa ngumu ili foleni isogee, jambo ambalo vijana wa vibanda vya gemu hapa Kirumba, wanaolipia kila mechi, hulielewa bila kufundishwa. Pac-Man, gemu ya kampuni ya Namco ya Japani iliyotoka mwaka 1980, haikupangiwa mwisho. Ilivurugika katika hatua ya 256, nusu ya kulia ya skrini ikijaa herufi na namba ovyo, kwa sababu hesabu ya hatua ilihifadhiwa katika baiti moja, sehemu ndogo ya kumbukumbu isiyoweza kubeba namba zaidi ya 255. Waigaji wengi huchukua rangi na milio pekee. Waundaji wa gemu yako, angalau, wamechukua na ukatili wa mashine zile.